VAR, ombi la kocha au kamati ya baada ya mechi: kipi kitamkomesha anayejiangusha?

Dakika ya 84, uwanja wa vumbi, fainali ya mashindano ya mtaa ambayo nilikuwa mmoja wa wanakamati wake. Matokeo 0-0. Winga wa timu ya bluu anaingia ndani ya kumi na nane, beki anamfukuzia. Beki hajamfikia, jamaa anaburuza mguu wa kulia nyuma yake, ncha ya kiatu inachora mstari kwenye vumbi, kisha anajirusha mbele na ukelele wa mtu aliyekatwa na panga. Refa yuko nyuma yao hatua ishirini hivi. Anachokiona ni migongo miwili na mtu chini. Filimbi, penalti, goli.

Mpira ukishaanzishwa katikati, kijana aliyekuwa amekaa nyuma ya goli anakuja mbio na simu. "Refa, shikamoo. Hebu tazama hii." Video ni safi kabisa. Mstari wa vumbi unaonekana, na kati ya beki na winga kuna nafasi ya kupitisha baiskeli. Refa hakuiangalia. Alimwambia, "Mdogo wangu, hata ningetaka siruhusiwi." Alikuwa sahihi. Mchezo ulishaanza tena, na picha isiyotoka kwenye mfumo ulioidhinishwa haina nguvu yoyote uwanjani. Kombe likaenda kwa bluu. Winga alibebwa juujuu hadi kwao.

Tangu siku ile nimeulizwa mara nyingi kwa nini ligi zetu zote zisiweke VAR, yaani waamuzi wa video wanaomsaidia refa, yaishe. Huwa nauliza kwanza: mnataka video ifanye kazi gani? Maana ziko kazi mbili na watu huziweka kapu moja. Moja ni kusahihisha uamuzi wa mechi ya leo, penalti isiyo halali ifutwe kabla haijapigwa. Nyingine ni kumfanya yule winga, Jumamosi ijayo, aone hasara kujirusha. Mfumo unaofanya kazi ya kwanza vizuri unaweza kuwa dhaifu sana kwa ile ya pili, na kinyume chake.

Njia zenyewe ni tatu: VAR kamili ya kwenye televisheni, mfumo mpya wa FIFA ambapo kocha ndiye anayeomba marudio, unaofupishwa FVS, na kamati inayokaa baada ya mechi ikiwa na video mezani. Kama uko kwenye kamati ya mashindano au uongozi wa ligi ya daraja lolote, haya ndiyo ya kupima kabla hujasaini hundi.

VAR kamili

VAR iliingia kwenye sheria za soka mwaka 2018, baada ya IFAB, chombo kinachotunga sheria hizo, kupokea matokeo ya majaribio ya nchi mbalimbali. Katika matukio ambayo VAR inaruhusiwa kuyagusa, uamuzi wa kwanza wa refa ulikuwa sahihi kwa asilimia 93. Baada ya video usahihi ukapanda hadi asilimia 98.9. Wauzaji wa mfumo hupenda kuanzia kwenye hiyo 98.9. Mimi naanzia kwenye 93, kwa sababu inaniambia kwamba chumba kizima cha skrini, waya na watu kinanunuliwa kwa ajili ya matukio kama sita katika kila mia. Si machache, hasa kama mojawapo limeikuta timu yako. Ila ujue unacholipia.

Msingi wa VAR ni aina nne za matukio: goli, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na refa kumwadhibu mtu asiyehusika. Sasa mwangalie mjiangushaji wetu. Akijirusha ndani ya boksi na refa akaweka mpira kwenye nukta, chumba cha video kitamwona, refa ataitwa kwenye skrini, penalti itafutwa na sheria inaruhusu apewe njano kwa udanganyifu. Lakini akijirusha mita 22 kutoka golini, akapata mpira wa adhabu na beki akala njano yake ya kwanza, VAR haina la kusema. Na mafundi wa mchezo huu wanajua hivyo. Mpira wa adhabu kutoka pale, kwa mpigaji mzuri, ni nusu ya goli.

Tatizo la pili ni kile kipimo cha "kosa la wazi na dhahiri". VAR haipo ili kuuliza kama refa wa video angeamua vinginevyo. Inauliza kama refa wa kati amekosea kiasi cha kila mtu kuona. Ndiyo maana mchezaji wa kisasa harushwi tena na upepo. Anautafuta mguu wa beki, anauacha wake nyuma ili uguswe, akishaguswa kidogo tu anakwenda chini. Mguso upo. Chumba cha video kinaona mguso, kinauacha uamuzi wa refa kama ulivyo. VAR imepunguza uongo mtupu, ila uongo wenye chembe ya ukweli imeupa hifadhi. Hapo ndipo ninapoipunguzia alama nyingi.

Na hata akikamatwa, analipa nini? Kombe la Dunia la Urusi mwaka 2018, Brazil dhidi ya Costa Rica mjini St Petersburg, bado ni 0-0 na mechi inaelekea ukingoni. Neymar anaguswa kidogo, anakwenda chini kwa mgongo, refa Björn Kuipers anaonyesha penalti. Anaitwa kwenye skrini, anatazama, anaifuta. Kazi ya kwanza ilifanyika kwa ufasaha. Ya pili je? Neymar hakupewa kadi kwa kule kuanguka (njano aliyoipata muda mfupi baadaye ilikuwa ya hasira zake), akaendelea kucheza na dakika za nyongeza akafunga goli la pili. Kwake jaribio lile lilikuwa bure: likikubali ni penalti, likikataa tunaendelea.

Kuna jingine ambalo kwa ligi za ukanda wetu nalitilia uzito kuliko hayo yote. VAR nusu ni mbaya kuliko kutokuwa na VAR.

Tarehe 31 Mei 2019, Radès nchini Tunisia, mechi ya marudiano ya fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Espérance wanaongoza, Wydad wanasawazisha kwa kichwa, kibendera cha kuotea kinapanda. Wydad wanadai VAR. VAR haifanyi kazi. Wachezaji wakagoma kurudi uwanjani, ukapita muda mrefu wa viongozi kubishana pembeni ya uwanja, mwisho mwamuzi Bakary Gassama akamaliza mechi na Espérance wakapewa kombe. Kesi ikasafiri hadi mahakama ya michezo kule Uswisi. Kusingekuwa na ahadi ya VAR siku ile, lingekuwa goli lililokataliwa kama mengine, watu wangelalamika na mechi ingemalizika.

Mfano wa pili hauhitaji kusimuliwa kwa Mtanzania, lakini nausimulia. Tarehe 5 Aprili 2024, Pretoria, marudiano ya robo fainali ya ligi hiyohiyo, Mamelodi Sundowns na Yanga. Stephane Aziz Ki anaachia shuti, linagonga mwamba, linadunda chini na kutoka. Niliangalia kwenye kibanda umiza, na nusu ya watu walikuwa wameshasimama juu ya mabenchi kabla kipa hajageuka. VAR ilikuwepo na ilifanya kazi. Kilichokosekana ni teknolojia ya mstari wa goli, na hakukuwa na picha iliyokaa sawasawa na mstari ya kumaliza ubishi. Goli halikutolewa, mechi ikaisha 0-0, Sundowns wakapita kwa penalti 3-2. Hadi leo mtaani watu wanasema VAR iliiba. Ukweli ni kwamba VAR inaona pale tu kamera zako zinapoona, na kamera ya pembeni ikikaa mshazari inaweza kuudanganya umma mzima, upande wowote.

Hata wenye kila kitu hukosea. Septemba 2023, Tottenham na Liverpool, Luis Díaz alifunga goli halali, likakataliwa kwa kuotea. Chumba cha video kiliona kwamba hakuwa ameotea, lakini kilidhani uamuzi wa uwanjani ulikuwa goli, kikasema ukaguzi umekamilika, mpira ukaanzishwa. Picha zilikuwa sahihi, mazungumzo yakawa mabovu. Fikiria hapo ni watu wanaofanya kazi hiyo kila wiki.

Sasa weka hesabu za nyumbani. Ligi yenye timu 16 ina mechi 240 kwa msimu, 8 kwa kila raundi. Kwa kawaida kila mechi ya VAR inahitaji mwamuzi wa video na msaidizi wake, mbali na fundi wa marudio; zikichezwa zote wikiendi moja utahitaji kama waamuzi 16 wa ziada waliofunzwa na kupata kibali, au chumba kimoja kinachohama mechi hadi mechi. Zaidi ya hapo, viwanja vyote vinapaswa kuwa na kamera za kiwango kimoja. Ukiweka VAR kwenye mechi za vigogo pekee, timu ya mkoani itauliza kwa nini penalti yake haina thamani ya kukaguliwa. Sijawahi kusikia jibu zuri la swali hilo.

Ombi la kocha, FVS

Huu ni mfumo ambao mashabiki wetu wengi hawajakutana nao, nao ndio ninaouona unafaa kutazamwa kwa jicho la karibu. FIFA iliujaribu mwaka 2024, kwenye Kombe la Dunia la wanawake chini ya miaka 20 kule Colombia na la chini ya miaka 17 Jamhuri ya Dominika, kisha msimu wa 2025/26 Serie C ya Italia ikauchukua. Umetengenezwa mahsusi kwa mashindano yasiyo na kamera nyingi wala fedha nyingi.

Hakuna chumba chenye waamuzi wanaokesha wakikagua kila tukio. Kila kocha anaanza mechi na maombi mawili. Akiona refa amekosea kwenye moja ya zile aina nne za matukio, anazungusha kidole hewani na kumkabidhi mwamuzi wa akiba kadi ya ombi. Refa anakwenda mwenyewe kwenye skrini pembeni ya uwanja, anaangalia, anaamua. Uamuzi ukibadilika, ombi linarudi kwa kocha. Usipobadilika, limeungua.

Kinachonivutia ni mahali mzigo ulipohamia. Kwenye VAR lawama zote ni za waamuzi, wa uwanjani na wa chumbani. Hapa kocha ana sehemu yake. Mwalimu aliyechoma maombi yake kipindi cha kwanza kwa kubishia mpira uliogonga mkono, hana mdomo wa kulalamikia penalti ya dakika ya 88. Na zipo mechi zitakazopita bila refa kusogea kwenye skrini hata mara moja.

Kwa mjiangushaji, FVS inauma kidogo zaidi ya VAR, kwa njia ambayo sikuitegemea. Mtu wa kwanza kujua kama kulikuwa na mguso ni beki. Chini ya FVS beki anakimbilia benchi: "Mwalimu, sijamgusa, omba!" Ushahidi unaanza na mtu aliyekuwa pale, haungoji chumba cha mbali kishtuke. Winga wetu wa vumbi angekamatwa hivyohivyo, kwa sekunde kadhaa, na kamera moja nyuma ya goli ingetosha.

Ila mjanja naye huhesabu. Kocha wa upande wa pili akimaliza maombi yake, boksi linakuwa pori. Dakika kumi za mwisho za mechi ya namna hiyo ndizo nisizozitamani. Pia ombi linaweza kutumika kama mapumziko: timu imebanwa, kocha anazungusha kidole, watu wanakunywa maji. Anapoteza ombi, lakini kasi ya wapinzani nayo imekatika. Na kwa kuotea kwa sentimita chache usitarajie miujiza. Kamera chache hazichori mistari ya kuaminika. Qatar mwaka 2022 walifuatilia wachezaji kwa kamera 12 maalumu za kuotea na kihisi ndani ya mpira. Wewe huna hivyo, usijaribu kuiga.

Kamati ya baada ya mechi

Hii ni ya zamani kuliko zote, na mashabiki wa Tanzania wanaijua sura yake kwa jina la Kamati ya Saa 72, inayokaa baada ya mechi kupitia ripoti na matukio, kisha taarifa inatoka na faini za hapa na pale. Swali ni kama kamati ya aina hiyo ipewe mamlaka ya kumfungia mtu kwa kujiangusha, kwa video tu, hata kama refa alimwamini.

England walifanya hivyo kuanzia msimu wa 2017/18. Video ilipelekwa kwa watu watatu, kocha wa zamani, mchezaji wa zamani na mwamuzi wa zamani. Wote watatu wakikubaliana kuwa mchezaji alimdanganya refa na udanganyifu ukazaa penalti au mpinzani kutolewa nje, adhabu ilikuwa mechi mbili. Napenda sana mpangilio wa watu wale. Mchezaji wa zamani anajua ni lini mguu unaachwa makusudi. Refa wa zamani anajua nini kilionekana kutoka pale aliposimama mwenzake.

Wa kwanza Ligi Kuu kukumbwa alikuwa Oumar Niasse wa Everton, kwa penalti aliyoipata dhidi ya Crystal Palace mnamo Novemba 2017. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Manuel Lanzini wa West Ham. Mechi mbili kila mmoja. Hapo kocha wake naye anaumia, maana anapanga timu bila mshambuliaji, na mazungumzo ya kuacha mchezo huo yanaanzia chumba cha kubadilishia nguo. VAR haijawahi kufanya hivyo.

Ubaya wake unauona mara moja ukiwa upande wa Palace. Mechi ilibaki 2-2. Niasse alipofungiwa, walionufaika ni wapinzani waliofuata wa Everton, ambao hawakudanganywa na mtu. Haki ilitendeka, ila kwa jirani.

Adhabu nayo lazima iwe na meno. Kombe la Dunia la 2002, Rivaldo wa Brazil alipigwa mpira pajani na Mturuki, akashika uso na kugaragara. Mturuki akala nyekundu. FIFA ilipitia video na kumtoza Rivaldo faranga 11,670 za Uswisi. Hakufungiwa hata mechi moja. Brazil wakatwaa kombe, naye akiwemo. Marekani, ligi ya MLS ilipoanza kuwaadhibu wajiangushaji kwa kamati mwaka 2011, Charlie Davies alitozwa dola 1,000. Kwa mchezaji anayelipwa vizuri, faini za namna hiyo ni nauli ya teksi. Kama kamati yenu itaishia kwenye faini, msijisumbue kuiunda.

Na lazima isimame kwenye ushahidi usioyumba. Mwaka 2009 UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ilimfungia Eduardo wa Arsenal mechi mbili kwa kumdanganya refa dhidi ya Celtic, akakata rufaa, adhabu ikafutwa. Baada ya hapo kamati yoyote ilikuwa na sababu ya kuogopa. Ndiyo maana sharti la England la watatu kukubaliana si urasimu. Ni kinga ya kamati yenyewe.

Kwa gharama, hii haina mshindani. Unahitaji kurekodi mechi, hata kwa kamera mbili, na watu watatu wenye heshima ya kutosha kwamba uamuzi wao hautasomwa kwa rangi ya jezi. Hilo la mwisho ndilo gumu kwetu. Kamera zinanunulika.

Uchague nini

Kwa ligi kuu yenye matangazo ya uhakika kwenye kila uwanja na waamuzi wa kutosha, VAR kamili inaeleweka, hasa kama klabu zako zinakutana nayo kwenye mashindano ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, na wachezaji wanahitaji kuizoea. Lakini usiianze bila kuongeza kamati juu yake. VAR ifute penalti, kamati imfungie aliyeitafuta, pamoja na yule wa mita 22 ambaye VAR haikumgusa. Na jiandae kwa mashabiki: Norway, mapema mwaka 2025, klabu za juu zenyewe zilipiga kura 19 kwa 13 kutaka VAR iondolewe, kabla mkutano mkuu wa shirikisho haujaamua ibaki. Sweden hawakuiweka kabisa.

Kwa ligi daraja la kwanza, ligi ya wanawake, au ligi kuu ambayo nusu ya viwanja vyake havina hata mahali pa kuegesha gari la matangazo, ningechukua FVS bila kusita, nikianza na msimu mmoja wa majaribio kwa kibali cha FIFA. Nadhani ndiyo saizi yetu. Kwanza inamlazimisha kocha kujifunza sheria, jambo ambalo kwa baadhi yao litakuwa faida ya kwanza kuonekana.

Kwa mashindano ya mtaa kama yale yetu, hakuna kati ya VAR na FVS kinachohusika. Tulichofanya mwaka uliofuata ni kuandika kanuni ukurasa mmoja: kijana mmoja analipwa posho kurekodi kila mechi kwa simu iliyofungwa kwenye mlingoti nyuma ya goli, watu watatu wanakaa Jumatatu jioni, na anayethibitika kujiangusha kwa penalti anakosa mechi mbili. Hatukugusa matokeo ya mechi yoyote. Mashindano yale yalifungia wachezaji wawili, na mmoja wao alikuwa yuleyule winga. Alikuja kwenye kikao, akaonyeshwa video yake mara tatu, akacheka, akasema, "Kaka, hapo mmenipata."

Na kama mfuko wenu unatosha kamera moja tu ya ziada, kwa mfumo wowote mtakaouchagua, msiipeleke jukwaani kupiga picha za mashabiki. Ifungeni kwenye mstari wa goli. Shabiki yeyote wa Yanga atawaeleza kwa nini.